Nyekundu Mbili, Nyeupe Moja

Voi, Jumamosi, Agosti 1974

Na mimi ndiye mwalimu! Wiki nzima nimemkalisha Mkamburi mbele ya ubao nikimfundisha kuhesabu, naye analia tu. Nilishaanza kuogopa kwamba mwanangu ni mzito wa kuelewa.

Leo mama mkwe, ambaye hajawahi kushika kalamu, alikuwa akisuka kikapu cha mkonge. Mtoto ndiye aliyempa nyuzi, huku wakiimba: nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu mbili, nyeupe moja. Hakukosea hata mara moja. Yule mama ana akili jamani!

Nikaketi karibu nisaidie. Nikatoa nyeupe.

"Sio hiyo, mama!" Mkamburi akanifokea. "Bado nyekundu moja!"

"Usimfokee mama yako," mama mkwe akamwambia taratibu. "Bado anajifunza."