Mlango wa Daraja la Tatu

Keldwick, Yorkshire
7 Machi 1993

Dada yangu Enid,

Salamu nyingi. U hali gani? Kifua kimetulia na upepo huo wa bahari? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nipandapo ngazi. Najua hatujaandikiana tangu tulipomzika Mama, na najua unajiuliza leo nimetaka nini. Kweli nimetaka kitu.

Kwenye chama chetu cha reli kuna mzee mmoja, Bwana Pettifer, anayejua mabehewa ya kale kama padri ajuavyo Biblia. Juzi nilimwonyesha picha ya Mama amesimama barazani. Mama mwenyewe, mzee hakumtazama hata kidogo. Alivaa miwani, akaukodolea macho ukuta ulio nyuma ya Mama, akaniuliza, "Clive, huu ukuta ni nini?" Nikamwambia ni kwetu, Gull Lane: babu alinunua behewa lililokwisha kazi, likang'olewa magurudumu, akaliezeka bati na kulijengea baraza, kama walivyofanya majirani wote. Mzee wa watu akatafuta kiti. Anasema ni behewa la mwaka 1889, na wenzake wote walishachomwa moto. Limebaki hilo unalolala ndani yake.

Tunaliomba, dada. Chama kitakujengea nyumba mpya ya mbao hapo hapo, yenye bafu la maana, ndipo tulinyanyue behewa tulirudishe relini. Mama alituachia sote wawili, lakini sitakulazimisha. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Clive

Gull Lane, Sussex
21 Machi 1993

Mdogo wangu Clive,

Barua yako nimeipata. Kifua hakijambo, ahsante, na goti lako pole. Lipake mafuta uache kutambaa chini ya magari-moshi kila Jumapili.

Jibu ni hapana.

Kwanza nilicheka, halafu sikucheka tena. Ulizaliwa ndani ya behewa hili, ukakua humu, na ulipofika miaka kumi na minane ulikimbia kama nyumba inaungua. Leo kwa kuwa Bwana Pettifer amevaa miwani, ndiyo umeliona? Wewe mtu wa kuandikia jarida la reli kulalamika kwamba kitasa cha mlango si cha mwaka wake, hukuwahi kuniuliza kitasa cha huku kinafungukaje. Kinagoma, kama unataka kujua. Nilikuwa nakipiga bega huku nimemshika Mama kwapani, miaka tisa, tangu alipopooza. Mlango mwembamba, Mama mnene, na mimi peke yangu. Asiyekuwepo na lake halipo, Clive.

Na mwambie mzee wako kwamba hata humu ndani mambo hayakuwa sawa. Wewe ulipewa chumba kipana ukanyoosha miguu. Mimi mkubwa nikabanwa kwenye chembamba, magoti yanagusa ukuta, na bado nalala humo humo. Nilimuuliza Mama sababu mara nyingi. Alikuwa ananiambia, "Ndivyo vilivyo."

Chai imepoa. Kwaheri.

Dada yako,
Enid

Keldwick
4 Aprili 1993

Dada mpendwa,

Salamu, na ahsante kwa kunijibu, ingawa umenikata maini. Sina la kujitetea kuhusu Mama. Ungekuwa na ndugu mwenye haya angalau angekuja kuupiga bega mlango ule badala yako. Behewa siliombi tena.

Ila kuna jambo nadhani ni haki yako kulijua. Bwana Pettifer amepata mchoro wa kiwandani, nakutumia nakala. Tazama upana wa vyumba. Chumba changu kilikuwa daraja la kwanza. Chako kilikuwa la tatu. Kwa abiria wa la tatu walipunguza nafasi ya magoti ili wabanane wengi. Na chumba cha mwisho, cha Mama, hakikuwa cha abiria. Kilikuwa cha gadi, mtu anayelinda treni kutoka nyuma. Kile kidirisha kilichochomoza nje ya ukuta, alichokuwa anatuchungulia tukirudi shule, kilitengenezwa ili gadi aone treni yake yote.

Mdogo wako,
Clive

Gull Lane
30 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Hujambo? Najua nimekaa kimya tangu masika. Sikuwa nimenuna, nilikuwa nakwangua.

Sikuuamini mchoro wako. Nikachukua msasa, nikaanza kwenye mlango wangu, upande wa barazani. Ikatoka nyeupe niliyopaka mwenyewe. Chini yake ile waridi ya mwaka ambao ningeolewa na Leonard. Chini yake kijani cha Baba, halafu kijivu cha wakati wa vita ambacho wanajeshi walimpa babu debe zima na nyumba ikanuka mwezi mzima. Kila rangi ikitoka nakaa chini kwanza, nakunywa chai, ndipo naendelea. Bibi Tranter wa jirani amewaambia watu kanisani kwamba nimerukwa na akili.

Mwishoni kabisa ikatokea kahawia, na juu yake tarakimu ya dhahabu: 3. Nikaenda kwenye mlango wako: 1. Kwa Mama yakatoka maandishi, neno zima, GADI. Hapo nililia, Clive. Nililia kuliko siku tuliyomzika. Alilala chumba cha gadi maisha yake yote na hakuna aliyemwambia, na kazi aliifanya.

Sasa sikiliza. Nilipofika chini ya mlango wangu, kidole kilizama kwenye ubao kama kwenye keki. Umeoza. Bati linavuja na mimi siwezi tena kupanda juu. Nikifa nalo litakufa, na baraza la mji litatia moto kilichobaki. Basi lichukueni. Nina sharti moja tu: mkilipaka upya, mlango wangu uandikwe 1. Nimekaa daraja la tatu nyumbani kwetu miaka sitini, yatosha.

Dada yako,
Enid

Keldwick
12 Desemba 1993

Dada mpendwa,

Natumai baridi haijakuonea. Huku theluji imetufungia karakana.

Nililipeleka sharti lako kwenye kamati. Nililisimamia mpaka sauti ikakauka. Wamekataa. Bwana Pettifer alisema kwa upole kabisa, "Tukidanganya kwenye mlango mmoja, nani atatuamini kwenye mingine?" Na hilo linaniuma zaidi kwa sababu maneno hayo ni yangu. Nimewaambia wenzangu hivyo hivyo kwa miaka ishirini, na wameyakariri vizuri.

Ukitaka kughairi, ghairi. Mara hii niko upande wako.

Mdogo wako,
Clive

Gull Lane
19 Desemba 1993

Clive,

Mimi mzima. Kuoza hakungoji kamati. Njooni mlichukue mwezi wa tano, ardhi ikikauka. Jikoni pasivunjwe kwa nyundo, pafunguliwe kwa bisibisi. Na wewe uje mwenyewe, usinitumie wageni.

Dada yako,
Enid

Keldwick
2 Juni 1997

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Nyumba mpya bado haivuji? Nilipokuja Pasaka niliona mlango unabana, nitaurekebisha nikija.

Behewa limekwisha. Litavutwa kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 21. Tiketi yako hii hapa, na ya garimoshi la kukuleta mpaka Keldwick pia. Sitakuwepo kukupokea kituoni kwa sababu siku hiyo nina kazi kwenye treni yenyewe. Bwana Pettifer atakuja na gari lake. Vaa koti, madirisha yake bado yanashushwa kwa ule mkanda wa ngozi, na wewe utataka kulishusha lako.

Mdogo wako,
Clive

Gull Lane
26 Juni 1997

Mdogo wangu Clive,

Nimefika salama. Kifua kimekuwa kizito kidogo kwa moshi, lakini ni moshi nilioutaka mwenyewe.

Sikukuaga vizuri kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi sipendi kulia mbele ya kofia nyingi namna ile. Basi naandika.

Nilipotokea jukwaani na Bwana Pettifer nilikuona kabla hujapunga mkono. Kichwa chako kilikuwa kwenye kidirisha cha Mama, unachungulia, una kofia ya gadi na filimbi mdomoni. Mzee akanishika mkono, tukaenda taratibu mpaka mlangoni kwangu, na pale nikaona ulichofanya. Rangi ilikuwa bado inanukia. Bwana Pettifer aliiona pia. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana, akaiweka mfukoni, akanifungulia mlango.

Nilikaa pale pale palipokuwa na kitanda changu. Magoti yaligusana na ya mama mmoja mwenye mtoto, nafasi ni ile ile, hilo hamkulibadilisha. Halafu ukapuliza filimbi na chumba changu kikaondoka. Miaka sitini nimeamka humo nikiona ua wa Bibi Tranter, na sasa kulikuwa na kondoo, na daraja, na mto, vyote vinapita dirishani kwangu. Nimefurahi, Clive. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Tuliporudi, bwana mmoja mwenye beji nyingi kifuani alinisimamisha. Alikuwa amepima chumba kwa utepe. Akaniambia, "Samahani mama, nasikia ni jamaa yako aliyeandika mlango huu. Amekosea. Hiki ni chumba cha daraja la tatu, na nitaliandikia jarida."

Nikamwambia aandike tu. Nikamwambia aliyeandika hapo ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mambo ya mabehewa hajawahi kukosea.

Dada yako,
Enid