Vidonge Nilivyomkataza Akinyi

Jumamosi, 13 Januari

Yunifomu tano zimetoka kwenye cherehani yangu, tatu bado. Shule zimefunguliwa na wazazi wa Ndhiwa ndio kwanza wanakumbuka kwamba watoto hukua. Opiyo na Odongo, mapacha wangu, wamegombania kiti kimoja mchana kutwa.

Mdogo wangu Akinyi alipita akitoka kwake Magunga. Yeye na mumewe Ochieng wanatafuta mtoto. Kliniki imempa vidonge vya foliki, ameze kila siku hata kabla ya mimba. Nikamwambia aache. Mimi nilivimeza, nikapata wawili. Baba yao alikwenda Masara kuchimba dhahabu wakiwa na miezi mitatu, hadi leo hajarudi. Akinyi anaishi chumba kimoja. Wawili atawaweka wapi?

Hakubisha. Mimi ndiye niliyemlea tangu mama afe.

Jumamosi, 6 Aprili

Akinyi ana mimba. Amenipigia simu akicheka. Vidonge hakuvigusa, alivificha ndani ya kopo la majani chai ili Ochieng asiulize. Nikajisifu. Niandike ukweli: nilijisifu sana.

Alhamisi, 18 Julai

Homa Bay, skani. Mtoto mmoja. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha daktari akarudisha kifaa palepale, tena na tena. Uti wa mgongo haukujifunga kule chini.

Muuguzi akauliza kama alitumia foliki kabla ya mimba. Akinyi hakunitazama.

"Nilikuwa nasahau, sista."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, mkoba mapajani. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 19 Julai

Nimerudi kwa yule muuguzi peke yangu. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Vidonge si kinga kamili, alisema, ila vingepunguza hatari, maana mgongo hujifunga wiki za kwanza kabisa, kabla wengi hawajajua wana mimba. Kwamba vinaleta mapacha, hakuna ushahidi wa kutegemea. Akauliza kama kwetu kulikuwa na mapacha kabla ya wangu. Nikasema hapana.

Nikiwa langoni nikakumbuka jina la nyanya, mama yake mama. Adongo. Kwetu jina hilo ni la pacha wa pili, kama Odongo wangu. Nimelitamka tangu utoto, halafu nikalaumu vidonge.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yamekuja kabla hata ya mtoto.

Jumatano, 20 Novemba

Msichana. Kwa upasuaji. Kesho anapelekwa Kisumu kushonwa mgongo.

Nilimwambia Ochieng mlangoni pa wodi kwamba kosa ni langu. Alikuwa ameshika blanketi la mtoto.

"Najua, shemeji. Akinyi aliniambia tangu Julai. Akanikataza nisikuulize."

Nilitaka anitukane. Akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Jumapili, 8 Desemba

Magunga. Kidonda kimepona. Ananyonya vizuri, analia kwa nguvu akikawizwa.

Leo Akinyi ameniachia nimwogeshe. Nilitia kiwiko majini, nikangoja, nikaongeza maji baridi, nikatia tena. Daktari alituonya: maji yakimchoma miguuni hatalia, miguu haisikii. Nikamwosha polepole. Akinyi alikaa kando akikunja nepi. Nilipomaliza akaninyooshea taulo.