Uwanja wa Kukamulia Ulivyomezwa na Mierebi

Máze,
Kautokeino,
Norwe.
18 Agosti 2019.

Mpendwa dada yangu Ravdna,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mu hali gani huko Winnipeg, wewe, shemeji na watoto? Mgongo wako je, umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Usibebe ndoo za maji ya bustani peke yako. Una vijana wawili wenye mabega mapana.

Sisi huku hatujambo. Mke wangu Elle ameanza kuchuma matunda ya kinamasini na harudi mpaka ndoo ijae. Binti yangu Sárá sasa anawaongoza kulungu wetu wa kaskazini vizuri kuliko nilivyowahi kuwaongoza mimi, na hanifichi kwamba anajua hivyo. Julai tulikata alama masikioni mwa ndama kwa siku sita badala ya tisa. Mbu walikuwa wengi, lakini mwaka ambao mbu si wengi utanitia wasiwasi.

Mama anakula vizuri na anaikosoa kahawa yangu kila asubuhi, kwa hiyo nguvu anazo. Ila macho, Ravdna. Tarehe 24 Julai nilimpeleka Alta. Daktari alisema kwa upole kwamba kufikia majira ya baridi atabaki kutofautisha mwanga na giza tu. Mama alimshukuru, akavaa shali yake, akatoka.

Ndani ya gari nilimwuliza angependa nimpeleke akaone nini. Nilidhani atasema bahari, au kaburi la Baba. Akasema, "Nipeleke kwenye uwanja wetu wa kukamulia."

Naandika haya polepole ili uwasomee na watoto wako, maana hawajafika. Ni pale juu kando ya ziwa, mama yake Mama alipokuwa akikusanya kulungu kila kiangazi na kuwakamua. Mama mwenyewe alikuwa msichana mdogo akitunza moshi wa kufukuzia mbu, huku akisubiri maziwa yachanganywe na yale majani machachu yaliyochemshwa. Mbolea ikarundikana mwaka baada ya mwaka. Miaka karibu sabini hakuna aliyekamua hapo, na bado nyasi zilikuwa fupi na za kijani katikati ya nyika ya kahawia. Siri yake si siri. Kulungu hurudi wenyewe. Hula, huacha mbolea, na kila mwerebi mchanga, kile kichaka kipendacho maji, hukatwa ncha kwa meno kabla haujafika urefu wa kidole. Nyasi huwaita kulungu, na kulungu huzitunza nyasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka kwa aya tano.

Daftari langu linasema tarehe 11 Julai 2010, siku nane baada ya kumzika Baba. Tulipanda wote watatu pale ziwani. Kundi lilikuwa limejaa uwanjani, na dume mmoja alikuwa akiparura kwa kwato mawe ya lile jiko ambalo Mama alizaliwa kando yake. Ulilia. Ulisema, "Issát, kila kitu kinakanyagwa. Hapa angalau pasikanyagwe." Nikaahidi. Nikachimbia nguzo sitini na mbili, nikafunga waya, kazi ya siku tatu. Jumamosi ukapanda ndege.

Dada yangu, nilijua. Nimekua nyuma ya mikia ya kulungu, ningekosaje kujua? Ukiwafungia kulungu nje ya nyasi, unaifungulia mierebi. Lakini ulikuwa unaondoka, na sikutaka uondoke tukiwa tumebishana juu ya waya.

Kiangazi cha kwanza palipendeza. Maua yalifika magotini, nikakutumia picha, nawe ukaniandikia kwamba umeibandika kwenye friji. Kiangazi cha tatu nyasi kuukuu zililala juu ya mpya kama godoro lililolowa, na maua hayakupata pa kutokea. Cha nne ikaja mierebi, kisha vile vibetula, vimiti vifupi vya nyikani. Ulipoomba picha nyingine nilikwambia kamera imeharibika. Kamera ilikuwa nzima. Nisamehe.

Basi tarehe 2 Agosti mimi na Sárá tulimpandisha Mama kwa pikipiki ya magurudumu manne. Mierebi ilikuwa inampita kimo. Alisimama kwenye waya akikodoa macho.

"Issát, umenileta kuwinda dubu?"

Akanyoosha mkono, akashika majani, akayafuata kwa vidole mpaka kwenye shina. Hapo akaacha mzaha.

Nilimwambia kwamba kosa ni la uzio, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

"Hata mimi nilijua," akasema.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Mlikuwa mnalia wote wawili. Ningewaambia nini? Kwamba mnamlilia baba yenu vibaya?"

Niliyaandika maneno hayo daftarini jioni ileile, nisije nikayapotosha.

Nikasema nitakuandikia kabla ya kuung'oa uzio, kwa kuwa ahadi niliitoa kwako na ni wewe wa kunifungua. Sárá akanikata.

"Baba, barua ifike Kanada, shangazi aisome, alie, ajibu, irudi. Bibi atakuwa haoni hata kijiko chake. Mpigie simu."

"Jambo hili si la simu."

"Basi ung'oe kwanza, uombe radhi baadaye. Si ndivyo unavyomfanyia mama kila siku?"

Mama alicheka, na hilo ndilo lililoamua. Ravdna, uzio nimeung'oa bila ruhusa yako.

Binamu yetu Heaika alikuja na msumeno wake. Unamjua, hawezi kufanya kazi kinywa kikiwa kimefungwa. Alipoona kile kichaka akavua kofia. "Wenzako wanafuga kulungu, Issát. Wewe kumbe unafuga kuni!" Nilistahili. Tulikata kuanzia tarehe 5 hadi 9, maana kulungu huushinda mwerebi mchanga tu. Mwerebi ukishampita kimo, hauwezi tena. Tulipata yale mawe ya jiko chini ya matawi, matatu yakiwa mahali pake. La nne lilikuwa limeinuliwa na mzizi. Kwa miaka mia kwato hazikuliondoa.

Tarehe 14, siku ya upepo mzuri, Sárá na mbwa wakaleta sehemu ya kundi upande wa ziwa. Nilimketisha Mama juu ya ngozi, karibu na yale mawe. Kabla ya kukaa aliisalimu ardhi na kuiomba nafasi, kama alivyotufundisha, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba watoto wake hawakukusudia ubaya.

"Pakoje?" akaniuliza.

"Pabaya, Mama. Kama kichwa kilichonyolewa na mlevi."

"Na nyasi?"

"Vishungi viwili vitatu. Kwingine ni visiki na matope. Sárá anasema viangazi vitano au sita, kama kulungu watarudi kila mwaka kukata machipukizi."

Sote wawili tulijua hesabu hiyo maana yake nini kwa macho yake. Nikaanza kumweleza ziwa lilivyo, wingu lilivyo, nikitaka angalau nimpe kitu. Akaniwekea mkono gotini.

"Nyamaza, mwanangu. Wanakuja."

Walikuja. Unaikumbuka ile sauti ya vifundo vya miguu vikialika, kama mtu anavunja vijiti vikavu vidogo vidogo? Ilituzunguka pande zote. Jike mmoja na ndama wake walifika hatua nne kutoka tulipokaa, wakaanza kung'oa majani kwenye tawi tulilolisahau. Mama alifumba macho kabisa, kwa hiari yake, akasikiliza. Walipopita alipapasa lile tawi mpaka akapata ncha iliyoumwa, bado ina mate. Akalishika kwa muda mrefu.

"Huyu amekula vizuri," akasema. "Mwandikie Ravdna. Mwambie wameanza."

Kwa hiyo nimekuandikia. Usijilaumu kwa lolote. Ulitaka kuhifadhi, na asiyejua hana kosa. Mwenye kosa ni aliyejua akanyamaza, na huyo ni mimi. Kama una hasira niandikie zote, nitazisoma nikiwa nimeketi.

Ila ninalo ombi. Julai ijayo njooni, nawe ulete watoto. Mama hatawaona sura, lakini anataka kuwashika nyuso, na anataka wakae naye pale, wanyama wakiingia. Mikono tunaihitaji pia, maana visiki vingine vimetushinda.

Elle anakusalimu, na amekuwekea nyama kavu ya mgongo. Sárá anamsalimu shangazi yake na kusema yeye ndiye aliyenishawishi, ukitaka kugomba ugombe naye. Heaika anasalimu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mfikishie shemeji heshima zangu, na wanao uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya bibi yao.

Mungu awalinde njia yote, awape ardhi laini ya kukanyaga. Ukifika pale juu usitafute lango. Hakuna tena. Ingia upande wowote.

Ndugu yako akupendaye daima,
Issát