Koili ya Saba

Jumatatu, 4 Machi 1985
Koili ya saba tena. Haikubaliani na wenzake. Mashine iko ng'ambo, mimi niko Kiplombe, na paspoti yangu iko kwa watu wasioulizwa. Profesa wa huko hunitumia vipimo kwa posta. Ndani ya mashine hiyo, pete kubwa ya chuma, kuna plazma, gesi ya moto kuliko jua. Kifaa ukikitia ndani kinayeyuka. Kwa hiyo koili, nyaya zilizosokotwa, zimezungushwa nje, zinapima sumaku, nami nakisia yaliyomo. Bahasha imefika imefunguliwa na kugundishwa upya. Hata aibu hawana.

Jumanne, 5 Machi
Mwalimu mwenzangu amekamatwa. Kisa, makaratasi aliyoweka nyumbani. Mimi nina kurasa arobaini za namba na michoro ya nyaya kutoka nje ya nchi. Nani ataniamini? Nikizichoma, miaka mitatu ya kazi imeenda. Naogopa, basi.

Jumatano, 6 Machi
Wafula, karani wa idara na jirani yangu, haji tena kunywa chai. Leo nimemwona akishuka kwenye gari nyeupe ya wale watu waliochukua paspoti yangu. Akanipita bila salamu. Kumbe!

Alhamisi, 7 Machi
Nimetoka darasani, chini ya godoro hakuna kitu. Kurasa zote! Ufunguo wa pili anao Wafula peke yake. Nimemwita nyoka mbele ya mke wake, pale kwenye bomba la maji. Akasema tu, "Sawa, Daktari." Ningemzaba kofi.

Ijumaa, 8 Machi
Sijaenda kufundisha. Pazia chini. Nasikiliza kila gari. Nimepiga hesabu za kichwani, nisiwe kichaa. Plazma ya mviringo ni kaidi: mgandamizo wake, na jinsi umeme ulivyojikusanya katikati, huko nje vinasomeka kama jumla moja. Hali mbili tofauti ndani, vipimo vilevile nje. Hili huwa nalifundisha.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja saa nne asubuhi, wanne. Wamepasua godoro, wamemwaga unga. Hawajapata hata karatasi. Mkubwa wao akatukana, akavuka kwa Wafula. Wamemchukua na kandambili miguuni. Hakunitazama.

Jumapili, 10 Machi
Mama Nekesa, mke wa Wafula, ametoka kwao Soy na gunia la mahindi. Kurasa zangu zilikuwa chini kabisa.
"Walimwita Jumatano, wakamwambia akuchunge mpaka waje kupekua kwako. Alikataa kukwambia, Daktari. Alisema wewe uso wako hauwezi ficha kitu."
Nimemsaidia kurudisha mahindi kwa gunia.
Jioni nimezipanga kurasa. Koili ya saba haina kosa. Mimi ndiye niliyekuwa naisoma kinyume, kutoa mahali pa kujumlisha. Nimesahihisha kwa penseli.
Kesho asubuhi nitaenda kituoni kumwulizia. Wataniuliza mimi ni nani wake.