Wa Tatu Kutoka Chini

Jumatatu, usiku

Na kama ningenyamaza? Nani angejua?

Leo tumezunguka mtaa wetu wa La Rochelle kuwapigisha kura wagonjwa majumbani: afisa wa uchaguzi, wakala wa chama pinzani, na mimi wakala wa chama changu. Sisi mawakala kazi yetu ni kuangalia, na kupinga kosa likitokea.

Mama Furaha, tunayeimba naye kwaya, macho yake yamefifia kabisa. Akamwomba afisa amwekee alama. Kwa Kiingereza chake kidogo akasema anataka wa tatu, kisha akamalizia kwa Kiswahili: "Kutoka chini."

Afisa ni Mzulu, Kiswahili hakielewi. Akahesabu kutoka juu. Wa tatu kutoka juu ni chama changu.

Akaweka alama. Yule wakala mwenzangu naye hajui Kiswahili, na alikuwa ameinamia simu yake.

"Napinga," nikasema, nikaeleza. Afisa akamuuliza Mama upya, akaharibu karatasi ile, akajaza nyingine. Bahasha ikafungwa.

Mwenyekiti wetu wa kata ameshasikia. Anapiga simu, sipokei. Nimwambie nini? Kwamba kura ilikuwa yetu na nimeitoa kwa mdomo wangu mwenyewe?

Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Ni Mama Furaha, alivyonishika mkono mlangoni na kuninong'oneza, uso wote unacheka: "Asante, binti yangu. Kumbe na wewe uko chama chetu!"

Beji ya chama changu ilikuwa hapa kifuani. Hakuiona.

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."