Wawili Wakiitika kwa Pamoja

Jumanne, 9 Machi 1993

Mashine hazisikilizani tena! Kiwanda kizima cha samaki kinanitazama mimi. Kompyuta ya ofisini — tunaiita Mama — huziita kontrola za huko chini, vile visanduku vinavyoendesha mashine, moja moja, kwa namba. Iliyoitwa hujibu, nyingine hunyamaza. Ndiyo protokali yenyewe, sheria ya mashine kuongea, mengine ni mbwembwe za kitabu. Leo Mama akiita namba moja, ya pampu ya maji, anapata kelele zisizosomeka. Akiita namba tatu, ya barafu, kimya kabisa. Na hiyo ya barafu nimeifunga jana jioni, mpya kutoka kwenye boksi! Ni waya tu. Mvua imeingia.

Byabato angejua. Ndiye aliyeufunga mtandao huu pamoja na yule Mdachi aliyekuja na mashine. Wakati wa vita alikuwa mtu wa redio jeshini, akazoea huko kwamba mmoja akisema wengine wafunge mdomo. Lakini Byabato anaumwa, amerudishwa kwa mama yake Kamachumu. Watu wananong'ona: Juliana. Ndivyo tulivyouita ugonjwa huu tangu enzi za zile nguo za magendo zenye jina hilo. Sijamwona tangu Krismasi. Kila wiki nasema wiki ijayo.

Alhamisi, 11 Machi

Nimechimba mtaro, nimelaza waya wote mpya. Kelele zile zile! Pampu tunaiwasha kwa mkono, barafu haitoshi. Mayenga, muuza samaki wetu, kaleta sangara wake toka visiwa vya Muleba, kakaa juu ya lori anatukana kwa Kisukuma. Ana haki.

Bosi kaniita pembeni: nenda kamuulize Byabato kabla hajafa. Hivi hivi, kama anaagiza bisibisi! Nilitaka kumjibu. Lakini na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Aibu gani hii.

Ijumaa, 12 Machi

Nimetoka Kamachumu. Niandike yote, labda nitalala.

Byabato yuko sebuleni, godoro limewekwa juu ya nyasi mpya zilizotandikwa sakafuni. Macho ni yale yale. Mwili haupo.

"Lwakatare waitu, ndugu yangu! Mama amenuna?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Dada yake, Kokwijuka, akaleta akaibo, kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mgeni hakatai kahawa, huitafuna hapo hapo, kwetu hata mtoto anajua. Byabato akataka anipe mwenyewe. Akachota punje kwa vidole vyake — vina vidonda — akaninyooshea. Nikapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, halafu nikazitia kwenye mfuko wa shati.

Mfuko wa shati!

Kokwijuka akatazama chini. Byabato akasema taratibu: "Weka tu. Utatafuna njiani."

Na bado nikamuuliza habari za kiwanda. Ningekuwa na haya ningenyamaza. Akafumba macho, akasikiliza nikimsimulia kelele, kimya, waya, kila kitu.

"Ile mpya, namba uliipanga lini?"

Nikasema niliiwasha kwanza, ndipo nikakumbuka kuzungusha kile kiswichi cha kupangia namba mpaka tatu.

"Ukazima, ukawasha?"

Sikuzima. Samaki walikuwa mlangoni, bosi alikataza.

"Basi bado ni namba moja, kama ilivyotoka dukani. Namba yake inaisoma ikiwashwa tu. Mama anaita moja, wanaitika wawili kwa pamoja. Atamsikia nani?"

Kazi ya dakika moja, na mimi nimechimba mtaro mzima! Nikamshukuru. Nikaaga upesi. Kahawa nimeitupa darajani.

Jumamosi, 13 Machi

Nimezima, nimewasha. Moja kajibu, tatu kajibu. Makofi! Mayenga kanikumbatia, ananuka samaki mpaka roho. Wote wananiita fundi. Nilisema ni Byabato, hakuna aliyesikiliza.

Muuguzi alitueleza kanisani, kwa kipaza sauti: ukimwi hauambukizwi kwa kula pamoja. Najua! Ninajua kama ninavyojua namba za mashine. Mkono ndio uliokataa. Najuta, na majuto ni mjukuu, sawa, lakini huyu wangu kaja mapema mno. Kesho nakwenda tena. Bila swali lolote.

Jumapili, 14 Machi

Kamachumu. Naandika hapa uani, chini ya upenu, mvua inanyesha. Nimeambiwa nisubiri kidogo, Byabato hakulala vizuri. Mama yake amelala, amechoka. Kokwijuka yuko ndani peke yake, anamwogesha kaka yake. Nasikia maji. Nasikia anavyomsemesha Kihaya, kama mtoto.

Byabato kauliza ni nani yuko nje. Kaambiwa. Kasema jambo, sikulisikia.

Kokwijuka ananiita: kaka Lwakatare, njoo unisaidie kumgeuza, kachafuka, siwezi peke yangu.

Nimesema nakuja.

Ameita tena. Na mimi bado naandika.