Nyota ya Mama Imefifia

Jumapili, 20 Januari 2013. Kakuma

Mama anasema nyota yake inakufa. Ile ya buluu, karibu na zile tatu zilizojipanga. Tangu tukiwa kijijini Namoruputh, baba akienda na mifugo, yeye huitazama akishatulaza. Leo baada ya kula amekaa nje kwenye ngozi. Nikamuuliza ana nini. Imefifia, anasema. Imekuwa kama makaa yaliyofunikwa na majivu.

Mimi naiona kali kama kawaida. Sikumwambia.

Jumanne, 22 Januari

Nimemuuliza Alier. Yeye ni mkimbizi, anafundisha fizikia sekondari ya kambini, mimi nafundisha darasa la tatu, tunakutana kwenye chai. (Sawa — si kwenye chai tu.) Alivyofurahi kuulizwa! Chaki ikatoka mfukoni. Inaitwa Rigel, ni Kiarabu, anasema: rijil, mguu. Ubuluu wake ni joto. Uso wake una moto mara mbili ya jua letu, na kitu kikizidi kuwaka hupita wekundu, hupita weupe, kinaingia buluu. Upana — majua zaidi ya sabini kwenye mstari mmoja. Mwanga — majua laki moja na zaidi. Na kweli haitulii. Inatanuka, inasinyaa, mwanga unapanda na kushuka.

Nikasema basi Mama hajakosea.

Akaweka chaki chini. "Akuwam, inabadilika kidogo sana. Jicho la mtu haliwezi kujua. Mpeleke Mama hospitali."

Ijumaa, 25 Januari

Mama alikataa. Nyota ndiyo mgonjwa, yeye mzima.

Jioni Alier akaja, akasalimia kwa Kiturkana, ejok, akakaa chini mbali kidogo, kwa heshima. Mama hajui Kiswahili, nikawa natafsiri. Mama akataka kujua iko mbali kiasi gani. Alier akasema mwanga anaouona leo ulitoka huko zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Mama akatazama juu. Kisha akauliza: kama umeweza safari yote hiyo, sasa umekwama wapi?

Alier akajibu polepole. "Mlangoni, Mama. Kwenye jicho lako."

Amekubali kwenda. Nimelia nikiosha sufuria.

Jumatano, 6 Februari. Lodwar

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Leo wamepasua la kulia, lingine baadaye. Alinishika mkono mpaka mlango wa theatre. Akipofuka, akasema, nisimrudishe Namoruputh watu wakamhurumie.

Sina la kuandika. Naomba tu.

Alhamisi, 7 Februari

Alier amefika! Amepata ruhusa ya kutoka kambini. Shati vumbi tupu, mkononi mfuko wa machungwa. Eti amekuja kujua matokeo.

Nesi akatoa bandeji. Mama akapepesa, machozi yakamtoka. Akanishika kidevu. Nimekonda, anasema, na nimesukwa vibaya. Tukacheka wote, nesi pia.

Ndipo akamgeukia Alier. Siku zote alimjua kwa sauti tu na kivuli kirefu. Akamwita kwa kidole. Alier akapiga magoti kando ya kitanda, na Mama akayapapasa makovu ya kimila ya paji la uso wake, moja baada ya lingine, bila haraka. Halafu akaniuliza kwa Kiturkana, jicho bado kwake:

"Huyu amekuja kuona jicho langu tu?"

Alier anataka nimtafsirie. Nimemwambia angoje, naandika kidogo. Wote wawili wananitazama.